Zamu ya Bi Mdogo

Ilianza na taa ya mkanda. Ni ile taa ndogo nyekundu ya kwenye dashibodi, ambayo abiria wa mbele akikaa bila kujifunga huwaka, na kengele yake hulia ti, ti, ti mpaka ajifunge. Asubuhi ya Ijumaa moja mpimaji ardhi aliwasha gari lake akiwa peke yake, kiti cha pembeni kitupu, hata bahasha hakuna, na taa ikawaka. Akakipapasa kile kiti kwa kiganja. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Alicheka, akauvuta mkanda na kuufunga juu ya kiti kitupu. Kengele ikanyamaza, naye akaenda kazini. Mimi ningeshuka nikaenda kwa miguu, lakini mimi si mtu wa magari, na yule bwana alikuwa hataki kusikia neno baya juu ya gari lile.

Lilikuwa la tatu kwake kutoka kampuni ile ile ya Kijapani, kampuni ya siku nyingi, iliyoanza kuunda magari babu yake akiwa bado anatembea peku. La kwanza alilirithi kwa baba yake. La pili lilimbeba miaka tisa maporini na vyombo vyake vya kupimia, wala halikumlaza njiani hata siku moja. Hili la tatu, jeupe, lilikuja likiwa limetumika kidogo huko kwao, na kwa mafuta lilikuwa halinywi, linanusa tu. Fundi magari wa mtaani kwao alikuwa akimwambia kwamba akipata wateja kumi kama yeye atakufa njaa. Bwana husikia raha mpaka kisogoni.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, dirisha likitazama uani, kwa hiyo kila kitu alikiona. Alimwona mumewe Jumamosi akilisugua gari kwa kitambaa laini, mlango kwa mlango, akilisemesha. Cherehani yake ilikuwa na miezi miwili inapiga kelele kwa kukosa tone la mafuta, na mume kila siku husema kesho. Halafu kulikuwa na ile sauti. Gari likiwashwa, mwanamke wa Kijapani huzungumza kutoka ndani ya dashibodi, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekaribisha wageni. Mke alimuuliza mumewe yule anasema nini.

"Ananisalimia," mume akajibu, akicheka.

"Kila siku?"

"Kila siku. Wewe je?"

Ulikuwa utani, lakini ulimwingia. Wivu hauna macho. Mke yule, mwanamke mwenye akili zake, anayeweza kukukatia suti kwa kukutazama tu, alianza kulionea gari wivu. Akalibandika jina Bi Mdogo. Siku moja, kwa hasira iliyovaa kicheko, alichukua karatasi ya kukatia vipimo na chaki yake ya bluu, akaandika ratiba. Jumatatu mpaka Alhamisi, zamu ya mke mkubwa. Ijumaa mpaka Jumapili, zamu ya Bi Mdogo. Chini akaandika kwamba kila mmoja aheshimu zamu ya mwenzake, akaweka sahihi yake, akamfanya mume naye aweke yake. Kisha akaibandika kwenye mlango wa jikoni, akafungua dirisha na kuliambia gari kwa sauti, "Karibu, mke mwenzangu. Nyumba ni yako siku tatu."

Walicheka wote wawili, na binti yao wa miaka sita akacheka kwa kuwaona wanacheka. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ile taa iliwaka kesho yake.

Mwanzo mambo yalikuwa madogo. Jumamosi, mume akikawia kunywa chai ndani, honi ya gari ililia uani mara moja, fupi, ya adabu. Walidhani ni paka kaingia garini. Jumapili mke alipomwekea mumewe mkono begani, honi ililia tena, na safari hii haikunyamaza mpaka alipouondoa. Jumatatu hapakuwa na chochote. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, gari lilikaa kimya kama gari. Ijumaa ilipofika, uzi wa cherehani ulikatika mara ishirini asubuhi moja.

Halafu mke akaanza kunyimwa kiti. Kila alipokaa mbele kengele ililia, na hata akijifunga haikuacha, ilizidi, ti ti ti ti, mpaka mumewe akashindwa kuendesha. Akahamia nyuma kwa binti yake, kwenye gari la mumewe mwenyewe, kama mtu aliyeombewa lifti. Akihama tu, kengele hunyamaza. Siku moja binti alimnong'oneza kwamba yule anayekaa mbele ana nywele ndefu mpaka chini ya kiti, na hageuki hata ukimwita. Mama mtu alimziba mdomo kwa kiganja.

Wakalipeleka gari kwa fundi magari. Fundi alifungua kiti, akaikuta waya inayopeleka habari kwenye taa, akaichomoa. Alisema hiyo ni kazi ya dakika tano na kwamba magari ya kampuni ile yakisumbua basi huwa ni jambo dogo tu. Akawasha. Taa ikawaka. Fundi aliitazama taa, akaitazama waya iliyokuwa mkononi mwake, imechomoka pande zote mbili, kisha akaurudisha ufunguo kwa mpimaji ardhi bila kumtazama usoni.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "hili gari ni zima. Tafuta mtu mwingine."

Na mshale wa mafuta ukaacha kushuka. Wiki, wiki mbili, mwezi, tangi limejaa vile vile. Mtu mwingine angeogopa. Mpimaji ardhi alijisifu kazini kwamba amepata gari lisilokula. Wenzake walimwonea kijicho, naye kijicho kile alikivaa kama koti jipya. Mashati yake yalianza kurudi na harufu, harufu ya maua yaliyolowa mvua ikichanganyika na ya kiti kipya. Mke aliyanusa shati moja baada ya jingine kwenye beseni la kufulia, na alilia, maana harufu ile ilikuwa nzuri.

Kilichomvunja ni Ijumaa ambayo mume alitoka saa mbili asubuhi kwenda kupima kiwanja cha mtaa wa pili na akarudi Jumatatu. Mke alikuwa amekwisha kuzunguka hospitali na vituo vyote vya polisi, macho yamemvimba, ndipo gari likaingia uani taratibu, limeoshwa, linang'aa. Mume akashuka akiwa na furaha, mashavu yamemwingia ndani, akauliza chakula cha mchana kimefika wapi. Kwake yeye bado ilikuwa Ijumaa. Mke alikwenda jikoni, na hapo akaiona ratiba mlangoni. Neno Jumatatu lilikuwa limefutwa na kuandikwa upande wa Bi Mdogo, kwa chaki ya bluu, kwa mwandiko wake mwenyewe yeye mke, na chaki ilikuwa imefungiwa kabatini.

Hapo hakungoja tena. Alikwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa mkunga zamani, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya namna hii, akamweleza yote, na ratiba akamwonyesha. Yule bibi aliisoma mara mbili, miwani ikiwa puani.

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu, bibi. Ulikuwa mzaha."

"Kwako. Mwenzako alikuwa amekaa kwenye kiti hicho anangoja kukaribishwa, nawe ukamkaribisha ukampa na siku. Huyu hafukuzwi kwa moshi, mwanangu. Ni mke. Mke huachwa."

Akampa masharti. Ijumaa inayofuata saa sita mchana, wakati wa zamu yake, mume aende garini akiwa amefumba macho tangu mlangoni, maana akimwona uso hataweza kusema. Awashe. Akisikia kengele ya mkanda ajue Bi Mdogo amekaa. Atamke talaka mara tatu kwa aliyekaa kwenye kiti kile, achomoe ufunguo, ashuke. Na mke akae jikoni wakati wote huo, mlango umefungwa. Hilo bibi alilirudia mpaka mke akaitikia.

"Atakuwa anatafuta pa kwenda. Jiko lisikutwe halina mwenyewe."

Ijumaa ilifika, jua kali, uani hakuna kivuli. Mpimaji ardhi alikuwa amekubali yote. Alikuwa ameogopa kweli safari hii, na alimwambia mkewe kwamba hata akitembea kwa miguu maisha yake yote, bora nyumba. Mke alifurahi. Ndipo akamwona anapiga pasi shati. Lilikuwa shati lake jeupe, la siku kubwa, na alinyoosha kola mara tatu, kisha akachana nywele mbele ya kioo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzichana kwa ajili ya harusi ya mtu yeyote.

Mke alisimama mlangoni akimtazama. Mtu anayekwenda kuacha havai hivyo. Mtu anayevaa hivyo anakwenda kuaga, na anayeaga huwa na maneno ya pembeni. Atamwambia nini? Atamwita jina gani? Angeketi jikoni na mlango umefungwa, asisikie, kisha maisha yake yote aulizwe na moyo wake kama kweli talaka ilitamkwa. Aliiona saa, dakika kumi kabla ya saa sita. Akamkalisha binti yao mezani na kipande cha mkate, akamwambia asiondoke, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nia yake ilikuwa kujificha nyuma ya viti tu, asikilize. Lakini mlango wa nyuma wa gari ulikuwa umefungwa, na wa mbele, upande wa abiria, ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Aliweka kiganja, kiti kilikuwa baridi, kiti cha kawaida, kiti chake alichonyang'anywa miezi mingapi sasa. Akakaa. Hakuna kilicholia, hakuna kilichomsukuma, kiti kilimpokea kama siku ya kwanza gari lilipokuja, na yule mwanamke, ambaye kwa muda wote ule alikuwa amekaa nyuma kama mzigo, alihisi raha ambayo hakutaka kuiachia, akavuta mlango ukajifunga taratibu, akajiambia kwamba akae tu hapo hapo, amsikie mumewe akimkataa yule mwingine huku yeye mwenyewe ameketi mahali pake, na kuna ubaya gani, maana mwenye kiti ni nani kama si yeye.

Mume akaja akipapasa ukuta, macho yamefumbwa kwa nguvu, jasho limelowesha kola. Akaingia, akaketi, akawasha. Taa ya mkanda ikawaka na kengele ikalia, ti, ti, ti, kama inavyolia kwa abiria yeyote ambaye hajajifunga. Mkewe alibana pumzi. Aliona midomo ya mumewe ikitetemeka, na akamwonea huruma, na akampenda, kwa mara ya kwanza tangu miezi ile akampenda bila kinyongo.

"Wewe uliyekaa kiti hiki," mume alisema, "nimekuacha."

Mke akatabasamu.

"Nimekuacha."

Hapo ndipo alipoisikia harufu. Ilipita dirishani, maua yaliyolowa, ikitoka upande wa jikoni. Alitaka kusema, alifungua mdomo kulitaja jina la mumewe, na sauti haikuwepo, koo lilikuwa kavu na tupu kama chombo kilichomwagwa, na mkanda ambao hakuufunga ulikuwa umempita kifuani na kubana, na kengele ikanyamaza.

"Nimekuacha," mume akamaliza. Akachomoa ufunguo, akashuka, akaufunga mlango nyuma yake akiwa bado amefumba macho, na akasimama uani akipumua kama mtu aliyetua gunia.

Kutoka jikoni sauti ya mkewe ikamwita. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ile ya miaka yote, ila ilikwenda taratibu na kwa adabu, kama ya mtu anayekaribisha wageni. Ilimwambia chakula kiko tayari, baba, na kwamba leo ametia mafuta kwenye cherehani yeye mwenyewe, asijisumbue.

Akafumbua macho, akacheka kwa furaha, akaingia ndani bila kutazama nyuma. Cherehani ilianza kwenda, laini, haina kelele.

Gari hakuliuza. Mkewe alimwambia hakuna haja, amekwisha kuacha wivu. Linaendelea kwenda vizuri, halisumbui, halili mafuta. Asubuhi tu, akiliwasha kumpeleka binti yao shule, taa ya mkanda huwaka juu ya kiti kitupu, na ile sauti ya Kijapani haisikiki tena. Badala yake dashibodi hukwaruza, kama kuna mtu anayejaribu kusema na hajui pa kuanzia.

Mume humtaka binti aje akae mbele. Binti hukataa.

"Mbele amekaa mama," husema, na hutazama dirishani.