Kikapu cha Bwana Simu

Mwisho wa mwezi, posta ya Kisii mjini hujaa walimu wa vijijini, kila mmoja na hundi yake na kiwiko chake. Ijumaa moja ya mwaka 1972, katikati ya msukumano huo, kikapu cha mboga kilikuwa kikielea juu ya vichwa vya watu kama chenye safari zake. Chini ya kikapu alikuwa Nyanchera, binti wa kijiji cha Birongo, gauni la buluu lenye kola nyeupe, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Mwadime, opereta wa simu, alikuwa anatoka chumbani mwake kwenda kunywa chai. Suruali yake ya bugaluu ilifagia sakafu bila malipo. Kikapu kikamkumba begani.

"Samahani, bwana."

"Si kitu, dada. Umenigonga na nini?"

"Na chakula cha watu. Wewe si mwanachama, kwa hiyo umekipata bure."

"Mwanachama wa nini?"

Nyanchera akateremsha kikapu. "Unalipa mara moja, msimu ukianza. Halafu kila Ijumaa, kabla jua halijatua, nakuletea mboga mpaka mlangoni. Ni mbegu za kale za bibi yangu Drusilla: managu, enderema, na chinsaga yenye shina la zambarau, ambayo huipati soko lolote. Shamba likishiba, unashiba. Likipigwa, tunalala njaa pamoja."

"Kulala njaa na wewe sijaona ubaya wake."

"Kwa lafudhi hiyo wewe ni mtu wa Taita. Unaijua chinsaga?"

"Nimelelewa nayo," akasema Mwadime. "Bila chinsaga silali."

Hapo ndipo alipojichimbia shimo, tena kwa tabasamu. Kwao mboga chungu alikuwa akizisukuma pembeni mwa sahani mpaka mama yake achoke kugomba. Lakini macho ya Nyanchera yalikuwa yanamtazama, na jina lake likaandikwa.

Kikapu cha kwanza alikipika kama kabichi: dakika kumi kwenye jiko la mafuta ya taa, chumvi, basi. Tonge moja likamkunja uso kama aliyetafuna kwinini. Wamama wa Kisii wangemwambia kwamba chinsaga huchemshwa polepole, ikatiwa maziwa, ikalala chunguni mpaka kesho. Hakuuliza. Aliyelelewa na kitu atauliza vipi kinavyopikwa? Kikapu cha pili akampelekea mbuzi aliyefungwa nyuma ya ploti, wa Onyancha, mwenye nyumba. Na cha tatu. Mbuzi akaanza kuijua Ijumaa kuliko wanachama wenyewe.

Mapenzi nayo yakanenepa pamoja na mbuzi. Kila Jumatano Nyanchera alipiga simu kutoka duka la Bipin, Keroka.

"Namba gani, tafadhali?"

"Nataka namba ya mtu anayekula chinsaga."

"Yuko kwenye laini, mpenzi."

"Ya wiki iliyopita ilikuwaje, Bwana Simu?"

"Nimelamba sahani."

"Muongo wewe."

"Njoo uione ilivyong'aa."

Akikata simu, Mwadime alikaa akitazama waya. Utani wake wote ulikuwa unamrudia ukiwa na ladha ya kwinini.

Angalijua sahani hiyo ilikuwa inajazwa kutoka wapi, asingalikaa kabisa. Kwa kila "nimelamba", Nyanchera alimwongezea konzi mbili, na konzi hizo alizitoa kwenye kikapu cha Mama Jyoti, mke wa muuza vitambaa, mwanachama wa kwanza kabisa, asiyekula nyama wala yai. "Jua limekuwa kali, mama," Nyanchera alimwambia kila Ijumaa. "Mungu atanyesha, binti," Mama Jyoti alimjibu, na kumpa chai ya tangawizi. Jumamosi, siku ya Sabato yao, kanisani Nyanchera aliimba akitazama vidole vya miguu yake.

Mungu akanyesha. Jumatatu moja ya Aprili ilishuka mvua ya mawe, ikalaza shamba lote kwa dakika ishirini.

"Mwadime." Simu ya Jumatano ilikuwa na sauti ndogo. "Hakuna kitu kimebaki. Wanachama wote nitawaambia walale njaa. Lakini wewe usijali, yako ipo. Mashina tisa yalijificha chini ya migomba."

Mstari ulikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa anasubiri. Mwadime alikuwa na nafasi ya kusema ukweli bila hata kutazamwa usoni.

"Asante, mpenzi," akasema.

Ijumaa alikuja na kifungu kimoja, kimefungwa kwa ganda la mgomba. Mwadime akakipokea. Kilikuwa na vimaua vyeupe.

"Mbona zina maua?"

"Ndizo zilikuwa za mbegu," Nyanchera akasema, akijitahidi kucheka. "Mbegu nyingine zote tulikwisha kuzipanda. Magokoro, bibi yangu, hajui kwamba nimekata. Lakini nitamwacha vipi mtu asiyelala?"

Mwadime akakaa chini kizingitini.

"Nyanchera, sijawahi kula chinsaga yako. Nilionja tonge moja, Februari."

"Unanitania."

"Zote amekula mbuzi."

Hakupiga kelele. Alizunguka nyuma ya ploti. Mbuzi wa Onyancha, akiona gauni la buluu lenye harufu ya shamba, akasimama kwa adabu kumpokea. Miguuni pake yalikuwa yamelala maganda ya mgomba, mengine bado yana fundo lake.

"Nimemwibia mama wa watu," Nyanchera akasema taratibu, "kwa ajili ya mbuzi." Akamweleza habari za Mama Jyoti, kwa maneno machache, bila kumtazama. "Usinipigie simu. Na nikipiga mimi, niunganishe na mtu mwingine."

Siku ya Jumapili, Mwadime alipanda kilima cha Birongo na viatu vyake vya mjini. Drusilla alikuwa uani akipepeta wimbi.

"Bwakire, Magokoro."

"Kumbe umejifunza kusalimu. Kaa."

Alisema yote, akianzia kwenye tonge. Mwanamke mzee aliendelea kupepeta.

"Mbuzi huyo ni mnono?"

"Sana, Magokoro."

"Basi mbegu yangu si mbaya." Akaweka ungo chini, na mikono yake ikatulia. "Mbegu ile haiuzwi, haiazimwi. Hutoka nyumba hii na bibi arusi tu. Binti yangu Loice aliondoka nayo alipoolewa Nyamarambe."

"Nitaenda kumwomba."

"Wewe? Atakufungulia mbwa. Atampa msichana wa nyumba hii."

"Nitaenda," sauti ya Nyanchera ikatoka jikoni. "Lakini si kwa ajili yake."

"Nani amemtaja?" akauliza Drusilla. "Na mkoba atabeba nani?"

Huko Nyamarambe, Shangazi Loice alifungua fundo la kitambaa lenye mbegu nyeusi, ndogo kama vumbi la baruti. Hakuzitoa.

"Hizi nilipewa siku ya arusi. Wewe unazichukua kama nani?" Akamgeukia Mwadime. "Na wewe, umekuja kuoa au kubeba mkoba?"

"Kubeba mkoba, shangazi. Kuoa naomba, nikiruhusiwa."

Nyanchera akamtazama, mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Nikizipanda, zikaota, nikakupikia siku mbili na maziwa, utasema nini?"

Maneno matamu yalimpangia foleni Mwadime ulimini. Akayaacha yasimame.

"Huenda nitasema ni chungu. Nitakula. Sahani siwezi kulamba."

"Na mwaka wa kumi?"

"Kama bado ni chungu, nitakwambia."

Loice akajikohoza kuficha kicheko.

"Mimi nami sijamaliza," Nyanchera akasema. "Mama Jyoti hajaambiwa."

"Twende wote. Konzi zake nilizila mimi."

"Alizila mbuzi."

"Twende watatu, basi."

Nyanchera akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Akakinga viganja.

"Nipe kama bibi arusi, shangazi. Lakini arusi ingoje mpaka Mama Jyoti anifungulie mlango."

"Asipofungua?"

"Nitarudi Ijumaa inayofuata."