Walizichoma Karatasi Zangu kwa Heshima!

Nina miaka arubaini na tisa na mimi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe. Nilikuwa mhadhiri wa historia. Nasema nilikuwa... kwa sababu figo zangu zilikataa, na chuo kikaniaga kwa keki na maneno matamu. Nikarudi nyumbani.

Kila aliyekuja kunikagua alikuwa na neno moja tu. Pumzika! Eti akili yangu imechoka. Nani aliwaambia? Zilizoumwa ni figo, jamani, akili nilikuwa nayo timamu!

Basi sikupumzika. Nilianza kukusanya barua za zamani ambazo wanawake wa Unguja waliandika kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Watu waliniazima, nami nikizinakili kwa herufi za leo. Hata hospitali, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mwengine umeshika karatasi. Katika barua moja bibi alikuwa akimgombeza mumewe kwa kumpelekea samaki kutoka Nungwi, akafika keshaoza! Nilicheka peke yangu mpaka wauguzi wakanitazama. Wallahi, barua zile ndizo zilizokuwa zikinitoa kitandani asubuhi.

Barua hiyo ya samaki iliandikwa na mama yake Bi Mize, mjane mtu mzima wa Michenzani. Aliniazima bunda zima. Hakuwa na kumbukumbu nyengine ya mama yake.

Wifi yangu Zuwena, dada wa mume wangu, alikuja kunisaidia kazi za nyumba. Akazikuta barua chini ya kitanda, karibu na viatu. Mwandiko ule mgumu hakuweza kuusoma, lakini aliziona herufi akaingiwa na hofu. Kwake yeye kila chenye herufi za Kiarabu ni maneno ya Mungu, na kuyaweka chini ndiko kulikonifanya nisipone! Karatasi za namna hiyo hazitupwi jaani. Huchomwa, na majivu yakamwagwa baharini.

Siku moja nilirudi kutoka hospitali nikakuta ua wote unanuka moshi na udi. Alizichoma zote... za kuazima na nilizozinakili! Na alikuwa na furaha, masikini. Akanikumbatia.

"Sasa utapona, wifi. Nshakuondoshea nuksi."

Zuwena nilimsamehe siku ile ile. Hakujua. Lakini mume wangu Hamid! Mwalimu mkuu mzima! Si alikuwa akinisaidia kuzisoma? Si alimcheka yule samaki pamoja na mimi? Alijua vyema kwamba hamna aya hata moja mle. Dada yake alimwomba ruhusa kwanza, naye akasema haya, choma. Akasimama pale uani akatazama...

"Nlitaka upumzike, mke wangu," akaniambia. "Nlitaka upone."

"Nipone niwe nani, Hamid?"



Nilikwenda Michenzani kumwambia Bi Mize. Ngazi za ghorofa anayokaa nilizipanda nikikaa njiani kuvuta pumzi. Shikamoo yangu akaiitikia, na habari yangu akaisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifukuza.

"Aliyezichoma si wewe, mwanangu," akasema. "Mumeo aje mwenyewe aniombe radhi."

Hamid akakataa! Eti mwanamme mzima akaombe radhi kwa sababu ya makaratasi? Hapo ndipo nilipofunga nguo zangu nikahamia kwa kaka yangu. Wazee wakija kutusuluhisha nawapa jibu moja tu: apite Michenzani kwanza.

Siku hizi Bi Mize ananisimulia anayoyakumbuka, nami naandika. Ni machache. Mengi yamekwenda na hayarudi, na hasira yangu haijapoa, wala sitaki mtu aje kuniambia nivute subira!

Wenzangu mnaousoma mkasa huu, ukiacha kazi kwa maradhi usiwachekee wanaokwambia pumzika. Sema mapema, mbele ya mume, watoto na mawifi, kwamba kazi yako hujaiacha na haiguswi. Na nyinyi mlio na wagonjwa majumbani, kwani kumuuliza mgonjwa anataka nini kuna ugumu gani? Nakuombeni, msimhurumie mtu mpaka mkamzika, na yeye angali anapumua!