Jibu la Swali la Kumi na Moja

Kila siku akitoka shule, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza karakana ya viatu ya baba yake, akatupa mkoba juu ya rundo la ngozi, akawasalimia mafundi wanne mmoja mmoja. Jina la Chiriku alipewa na fundi mkuu, kwa sababu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakuwahi kunyamaza. Fundi mkuu mwenyewe aliitwa Kipimo. Aliweza kumtazama mteja aliyesimama mlangoni, akamtajia namba ya kiatu chake bila kukosea. Ndiye aliyemfundisha Baba kushika sindano ya viatu, enzi hizo Baba akiwa kijana asiye na mbele wala nyuma, na Chiriku alimwita Babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umepiga domo kiasi gani darasani?"

"Kidogo tu. Mwalimu amenihamisha dawati."

"Na huyo jirani yako mpya, masikio yake mazima?"

Mafundi waliangua kicheko. Kipimo naye alicheka, lakini kicheko chake kiligeuka kikohozi, akainama mpaka kilipokwisha. "Vumbi tu hilo," alisema, akijifuta machozi.

Vumbi halikuwamo. Baba alikuwa ameyaziba madirisha yote mawili kwa mbao, maana vumbi likitua kwenye gundi mbichi, soli haishiki vizuri. Kwa ajili hiyo viatu vya shule vya karakana ile vilisifika mji mzima. Mtoto alivivaa mpaka vikambana, soli ikiwa bado imeshika. Lakini harufu ya gundi nayo ilikosa pa kutokea. Chiriku akikaa humo nusu saa, kichwa kilianza kumgonga. Mafundi walikaa kutwa.

Jumapili moja Baba alikuja sebuleni na karatasi mkononi, uso umemng'aa. Ilikuwa fomu ya Tuzo ya Taifa ya Biashara Bora, inayotolewa kila mwaka kwa wenye biashara waliofanya vizuri kuliko wengine nchini. Vidole vya Baba vilikuwa vimekakamaa kwa kazi na mwandiko wake haukusomeka, kwa hiyo alimwita binti yake aandike.

Walikwenda vizuri mpaka swali la kumi na moja. Chiriku alilisoma kwa sauti: "Je, wafanyakazi wanaotumia gundi wana barakoa, na chumba chao kinapitisha hewa ya kutosha?"

Baba alikuna kidevu. "Andika ndiyo."

"Lakini Baba, madirisha si..."

"Chiriku! Andika ndiyo. Tukishinda tutarekebisha kila kitu. Hapo tunatanguliza jibu tu."

Akaandika ndiyo, kwa mwandiko wake mzuri wa kuunganisha.

Waamuzi wa tuzo walikuja baada ya majuma matatu, mama mmoja mrefu mwenye miwani na kijana wa kupiga picha. Asubuhi hiyo Baba aling'oa mbao za madirishani, akaazima barakoa nne kwa jirani yao anayepaka magari rangi. Kipimo aliivaa yake, akajitazama kwenye kioo cha wateja. "Leo tumekuwa madaktari wa viatu," alisema. "Mgonjwa aingie!" Hata yule mama mwamuzi alitabasamu.

Walipoondoka, barakoa zilirudishwa kwa mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Mbao nazo zikagongelewa mahali pake. Chiriku, aliyekuwa likizo, aliyaona yote kwa macho yake.

Barua ilipofika kwamba wamechaguliwa na tuzo itatolewa ukumbini mwisho wa mwezi, karakana nzima ilipiga vigelegele. Siku nne baadaye, mchana kweupe, Kipimo alianguka mezani pake, sindano ikiwa bado mkononi.

Hospitali walimlaza. Chiriku na baba yake walipofika, mke wa Kipimo alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa mumewe. Daktari aliwaita pembeni.

"Mapafu yake yamechakaa sana," alisema. "Anafanya kazi na gundi?"

"Ndiyo, daktari," alijibu Baba.

"Amekuwa akivaa barakoa? Pale mahali pana hewa?"

Baba alitazama chini. Chiriku alimtazama Baba. Daktari alisubiri, kisha akaandika kitu kwenye faili lake na kuondoka. Hakuhitaji kujibiwa.

Jioni ile Baba alimpa Chiriku daftari. "Niandikie maneno machache ya kushukuru siku ya tuzo," alisema.

Chiriku alishika kalamu, akaiweka chini. "Siwezi, Baba."

"Huwezi nini?"

"Niliandika ndiyo, kwa mkono wangu. Babu hawezi hata kumaliza sentensi. Sasa niandike asante ya nini?" Akaanza kulia, kilio cha kwikwi kinachokataa kubembelezwa.

Alitegemea kugombezwa. Baba akalifunga daftari. "Kesho tutakwenda wote wawili," alisema.

Ofisini kwa waandaaji wa tuzo, yule mama mwenye miwani aliwasikiliza mpaka mwisho. Baba hakuficha kitu. Alieleza habari za mbao na barakoa za kuazima. Alipotaka kusema kwamba kosa lote ni lake, Chiriku alidakia: "Na mimi niliandika, mama."

"Jina lenu nitaliondoa," mama yule alisema taratibu. "Viatu vyenu ni vizuri kweli. Lakini tuzo hii si ya viatu peke yake."

Kutoka pale walikwenda hospitali. Baba alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia Kipimo yote. Mzee alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kupata sauti.

"Hao watatu waliobaki," alisema. "Wafungulie madirisha."

Alifariki juma lililofuata, alfajiri, mkewe akiwa naye.

Baada ya maziko Baba aliifunga karakana kwa wateja, yeye na mafundi wake wakaanza kuirekebisha. Waling'oa mbao zote na kutoboa dirisha la tatu. Walitengeneza kabati lenye milango ya wavu mwembamba, la kukaushia viatu mbali na vumbi. Kila fundi akapewa barakoa yake mwenyewe. Soli zilishika vilevile, na upepo ukapita ndani kwa raha zake. Baba aligongelea msumari wa mwisho, akakaa sakafuni, akajishika kichwa.

"Siku mbili," alisema. "Kazi yote hii imechukua siku mbili, Chiriku. Miaka yote hiyo nilishindwa kutafuta siku mbili."

Chiriku alikaa karibu naye.

"Nisikilize, mwanangu. Lile swali lilikuwa linanisaidia, nami sikujua. Ningekuambia uandike hapana, ningeliona neno hilo kwenye karatasi, ningeona aibu, ningeinuka kuzing'oa mbao. Nilipokuambia uandike ndiyo, nilijidanganya mwenyewe kwanza, nikalala usingizi. Ukiulizwa jambo, sema lilivyo, hata likikuaibisha. Aibu inakwisha. Babu yako hatarudi. Na mimi nilikosa zaidi, kwa kukufundisha uongo ulipokuwa unataka kusema kweli. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba," alisema Chiriku. Alisema kweli, ingawa moyo ulikuwa bado unamuuma.

Nje mtu alibisha hodi. Walikuwa mzazi na mtoto wake, wanatafuta viatu vya shule. Baba alijifuta uso kwa mkono wa shati, akainuka, akaenda kuwapokea.