Njuga za Khaemba

Toazi la Gathii lilipasuka Kitale, Agosti 2005, katikati ya shoo. Mpiga ngoma wa bendi ya punk bila toazi ni nini jamani? Walikuwa vijana watatu, nywele wamezisimamisha kwa sabuni ya kipande, wakizunguka mji hadi mji kuwapigia watu kelele ambazo hawakuziomba. Baada ya Bungoma ilikuwa Nairobi, na huko mtu wa studio alikuwa ameahidi kuwarekodi. Gathii aliacha chuo kwa sababu ya ahadi hiyo. Hakuwa na kingine duniani ila mikono yake.

Bungoma walifikia kwao Wabwile, mpiga gita. Sebuleni, ukutani, zilining'inia njuga za chuma na bangili za kuzigongea. Gathii, mtoto wa Kachibora, wazazi wametoka Nyeri, mgeni wa mila za hapo, alidhani ni pambo. Akazitia mfukoni bila kuuliza.

Alasiri hiyo, kwenye shoo ukumbini, alizivaa, akazigonga kwa nguvu zake zote. Vijana walipiga mayowe. Lakini akina mama waliokuwa wakichungulia mlangoni wakaondoka, mmoja baada ya mwingine. Wabwile akaachia gita.

"Umetoa wapi hizo?" alinong'ona.

"Si kwenu, kwa ukuta. Ziko fiti, bana."

"Ni za Khaemba, brathe yangu. Alicheza nazo siku tatu akialika watu kwa tohara yake, akaanguka akafa alfajiri tukielekea mtoni kumpaka tope. Hakutahiriwa. Hizo hazipigwi, Gathii! Na huu hata si mwaka wa tohara."

Gathii alizivua haraka. Mikono haikuacha kupiga.

Ilipiga mapaja, ikapiga meza, ikapiga sahani ya ugali hadi ikamwagika, mapigo matatu kisha kikwazo kidogo, kama pigo lililorukwa, matatu kisha kikwazo, na kila alipoikalia aliisikia ikigonga chini yake, na harufu ya tope la mtoni ikajaa chumba mchana kweupe, na tope lenyewe likatoka chini ya kucha zake, akalinawa, likarudi, akalinawa tena huku akilia, likarudi.

Jumapili wakamwita Nekoye, mganga wa Lwakhakha. Njuga zilikuwa zimesharudishwa ukutani. Nekoye alinusa vile viganja, akatikisa kichwa.

"Hana ubaya huyu marehemu. Anatafuta kumaliza shughuli yake tu. Mtu wa kumtoa ni mmoja, aliyemzaa. Amwambie aende, leo, kabla jua halijazama. Likizama, amekaa moja kwa moja."

Wote wakamgeukia Phelista, mama yake Wabwile. Alikuwa amesimama mlangoni, bado na kitambaa cha kanisa kichwani, akisikiliza.

"Mayi, mwambie," Wabwile alisihi.

"Mama, tafadhali," alisema Gathii. "Nirudishie mikono yangu. Sina kitu kingine."

Phelista akasogea. Aliitazama ile mikono: matatu, kikwazo. Matatu, kikwazo.

"Hapo ndipo alikuwa anakosea," alisema polepole. "Kila siku nilimwambia, hapo usiruke. Miaka tisa, sijasikia."

"Jua linazama, mama!" Nekoye alimkumbusha.

Phelista alivuta kiti, akaketi mbele ya Gathii, magoti kwa magoti, akajifuta machozi kwa kile kitambaa.

"Cheza, mwanangu," alimwambia.