Faili la Chini Kabisa

Kila siku ya kazi, mama na binti yake walifika ofisi ya vibali kabla mlango haujafunguliwa. Mama alikuwa fundi wa viti vya magurudumu. Alikuwa ameiacha karakana yake nyumbani, akaja ugenini kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watu wenye ulemavu. Wiki ya tatu ilikuwa inakatika, na bila kibali hakuruhusiwa kushika hata bisibisi. Binti naye, mwenye miaka kumi na miwili, aliambiwa shuleni arudi na kibali cha mama yake. Muhula ulikuwa umeshaanza.

Binti huyo hakujua kusubiri. Nyumbani walimwita Cherehani, kwa jinsi miguu yake isivyotulia. Alihesabu vigae vya sakafu akavimaliza. Akasoma matangazo yote ukutani, hata lile la kuzima taa.

“Mama, hawa wametusahau.”

“Hawajatusahau. Tulia, mwanangu, utaniangusha kwenye benchi.”

Faili lao alilijua: la kijani, kona imekunjika. Lilikuwa chini kabisa ya rundo mezani kwa karani, na mafaili ya watu waliokuja juzi yamelikalia. Hasira zilimpanda. Ijumaa hiyo, mama alipokwenda msalani na karani akaingia chumba cha pili kutafuta wino wa mhuri, Cherehani alilichomoa akaliweka juu. Akarudi kuketi.

Karani alirudi, akainua rundo, akachomoa faili la chini kabisa. Kisha lililofuata, hukohuko chini. Akahesabu matano, akampelekea mkubwa wake ndani. Cherehani akalitazama faili lao la kijani, limebaki juu ya rundo. Kumbe karani alianzia chini, kwa waliotangulia! Zamu yao ilikuwa ndiyo hiyo.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini mama alikuwa amesharudi, na kila jina lilipoitwa alinyoosha shingo. Cherehani alishindwa kuvumilia. Akaenda mezani.

“Shikamoo. Faili letu nimelihamisha mimi. Nimelitoa chini nikaliweka juu. Nilidhani ndiyo tutawahi.”

Mama alisimama, uso umemshuka kwa aibu. Karani alifungua daftari, akafuata namba kwa kidole.

“Kweli, lenu lilikuwa la kwanza leo. Lakini mkubwa anatia saini matano tu kwa siku, na matano yameshaingia. Siwezi kumtoa mtu. Jumatatu mtatangulia.”

Jumatatu kibali kilitoka saa nne. Saa tano mama alikuwa kituoni, amepiga magoti mbele ya kiti chenye gurudumu lililopinda. Mwenye kiti, msichana wa rika la Cherehani, alikaa kwenye benchi kando yake.

“Kimeharibika lini?” mama aliuliza.

“Mwezi sasa. Siendi shule. Ijumaa hapa kituoni waliniambia huenda fundi akapata kibali, nikavaa sare kabisa. Nikakaa nayo mpaka jioni.”

Cherehani aliona haya hata akakosa pa kutazama. Mama alimvuta karibu.

“Umesikia? Ulidhani tunasubiri sisi wawili tu. Ukikosa subira, anayeumia anaweza kuwa mtu usiyemjua kabisa. Ila ulisema kweli, faili likarudi mahali pake, na ndiyo maana hatasubiri hadi wiki ijayo. Haya, nipe spana. Mwenzako ana vipindi vya mchana.”