Kikohozi cha Bi Zubeda

Hadia alimshukuru mumewe kwa flashi ambayo mumewe alikuwa ameshaifuta.

"Ahsante, mume wangu. Sasa mama anasikika vizuri kuliko zamani," alisema, akaichomoa kwenye redio na kuifunga kwenye pindo la khanga. Mikidadi akabaki na tonge mkononi, haliendi kinywani wala halirudi sahanini.

Mpanda mjini kulikuwa na mafundi wa kompyuta, halafu kulikuwa na Mikidadi. Mashine yake ilikuwa imepoteza picha zote, imebaki na ukurasa mweusi wa kuandikia amri, naye aliiendesha hivyo hivyo kwa vidole viwili, wateja wakisimama nyuma yake midomo wazi. Jumanne hiyo alichomeka flashi mbili kwa pamoja: ya mteja, iliyojaa virusi, aifute yote, na ya Hadia, ainakili. Ya Hadia ilikuwa na sauti ya marehemu mama yake, Bi Zubeda: anakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kisha anamwombea bintiye dua. Sauti nyingine ya mama hakuwa nayo. Fundi mwoga angeomba orodha kwanza, ajue ipi imepewa herufi E na ipi F. Mikidadi hakuwa mwoga. Akaandika amri ya kufuta E, akabonyeza, na E ilikuwa ya mkewe. Jioni akamrudishia tupu, bila kumwambia.

Alhamisi alimwomba Hadia ile flashi, akaenda nayo dukani. Jua la utosi, barabara nyeupe. Akaomba orodha ya E. Faili moja, halina jina, la tarehe ya leo. Akaomba tena: manne. Akaomba tena, na safari hii mistari ikashuka bila kukoma, na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi ikajaa duka lenye sakafu ya saruji, na ndani ya spika kukawa na mvumo kama wa nyuki walio mbali wanaokuja, mpaka vinyweleo vikamsimama na kidole, bila yeye kukituma, kikalifungua faili la mwisho.

Kikohozi. Kikohozi.

"Hadia," ilisema sauti ya Bi Zubeda. "Mumeo ametoka?"

"Huyo nani?" aliuliza mtu mlangoni. Alikuwa Salvatori, mfuga nyuki wa Ugalla, amekuja kuwekewa nyimbo.

Mikidadi akamweleza yote kwa kunong'ona. Mzee hakucheka.

"Fundi, sisi mzinga mtupu tunautundika mdomo wazi ili aje wa kuingia. Wewe umetundika wako. Aliyeingia si nyuki."

"Nifanyeje, mzee wangu?"

"Huu nipe mimi." Akatoa nta mfukoni, akaikanda, akaichomoa flashi na kuiziba yote mpaka mvumo ukakatika. "Nitamrudisha porini. Lakini mwambie mkeo ukweli leo hii. Huyo haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe, na mkeo anamwita mama."

Mikidadi alifika nyumbani akikimbia, yeye ambaye hakuwahi kukimbia hata mvua. Hadia alikuwa uani na ungo, akipepeta mchele wa Usevya.

"Mke wangu, sauti ya mama niliifuta. Kwa kujiamini kwangu. Nisamehe."

Ungo ukasimama. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kiganja chenye pumba. Kisha akamtazama taratibu.

"Uliifuta lini?"

"Jumanne. Kabla sijakurudishia."

"Jumanne." Akautua ungo chini polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Basi jana ulipokuwa dukani, nani aliyeniambia amechoka kukaa nje, nimfungulie?"

"Redioni?"

"Mwanzo redioni. Baadaye mlangoni."

Flashi ilikuwa njiani kwenda Ugalla, imezibwa kwa nta, kimya.

"Hadia. Ulimfungulia?"

Hadia alikuwa anatazama dirisha la chumba chao, ambako mtu alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, akaanza kumwombea dua.