Gathii na Nyuki Weusi

Shamba la Gathii liko nje kidogo ya mji wa Kitale, karibu na kijito. Yeye na mkewe Waruguru walipanda pasheni. Mimea ikatambaa juu ya waya, ikachanua maua mengi hata wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Mavuno hayo ndiyo yangempeleka binti yao Nyambu chuoni.

Asubuhi moja Gathii alitoka shambani mbio. Mikono yake ilijaa maua yaliyonyauka.

"Mama Nyambu! Kuja uone! Maua inaanguka yote. Matunda hakuna!"

"Ati hakuna? Hata moja?"

Waruguru aliacha uji motoni. Walifunua majani, mstari baada ya mstari. Hapakuwa na tunda. Waruguru aliketi chini kwenye udongo.

"Tumeuziwa miche feki," Gathii alifoka. "Ama kuna mtu ametuangalia na jicho mbaya!"

Binadamu ni mwepesi wa kumlaumu jirani. Na jirani mwenyewe alikuwa njiani anakuja. Jelagat ni mlinzi wa hifadhi ndogo iliyo ng'ambo ya kijito. Alisikia kelele, akavuka.

Alichuma ua lililofunguka. "Baba Nyambu, gusa hapa. Huu unga wa manjano unaitwa chavua. Ni mzito tena unanata, upepo hauwezi kuubeba. Lazima mdudu autoe hapa, aupake kwenye hizi ncha tatu za juu. Bila hivyo, hakuna tunda."

"Si nyuki wako wengi hapa?" Waruguru aliuliza.

"Hawa wadogo wanapita chini, wanakunywa maji matamu, wanaenda. Mgongo wao haufiki juu. Hii kazi ni ya wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wako wapi?"

Gathii alitazama viatu vyake.

"Si uliwachoma," Waruguru alisema polepole.

Ni kweli. Mwezi wa pili Gathii aliona mashimo kwenye nguzo za pasheni. Akaogopa kwamba wadudu hao watamwangushia waya. Aling'oa nguzo zote za zamani, akaweka mpya, na zile za zamani akaziwasha moto, nyuki wakiwa ndani. Magogo makavu na vichaka vya kando ya kijito vikachomwa pia. Shamba likawa safi. Hata kanisani alijisifu.

"Ngai, Mungu wangu!" Gathii alishika kichwa. "Kumbe ni mimi? Mimi ndiye nimemfungia Nyambu chuo?"

Jelagat hakumcheka, ingawa alistahili kuchekwa.

"Maua bado yanafunguka," alisema. "Kila asubuhi mpake chavua kwa kidole, ua kwa ua. Halafu kuja nikuonyeshe mahali hao nyuki wanaishi."

Kule hifadhini, Gathii alidhani ataona miti tu. Aliona magogo makavu yenye mashimo, kinamasi chenye mafunjo, na nyasi zenye maua ya mwitu.

"Pasheni zako zikimaliza kuchanua, nyuki wanakula hapa," Jelagat alieleza. "Wanalala kwa magogo. Ukifagia kila kitu, watakula nini? Watalala wapi?"

"Na mimi nilikuwa naita hii takataka," Gathii alinong'ona.

Familia nzima ilipaka chavua mpaka vidole vikawa vya manjano. Walivuna kidogo. Nyambu alichelewa muhula mmoja, lakini alienda. Kando ya kijito waliacha vichaka viote tena na wakapanda miti ya aina nyingi. Waliweka magogo makavu kati ya mistari ya pasheni. Hawakupiga tena dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, isije ikaua nyuki.

Mwaka uliofuata nyuki weusi walirudi. Waya zililegea kwa uzito wa matunda.

Siku moja Gathii aliona moshi upande wa jirani yake Kiptanui. Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Alimkuta Kiptanui akiwasha gogo lenye mashimo.

"Zima! Zima hiyo moto, bana!" Gathii alipiga kelele, huku akimwaga mchanga juu ya moto kwa mikono.

Kiptanui alishtuka. "Kwani hao wadudu ni wako?"

"Si wangu," Gathii alisema, anahema. "Lakini niliwachoma, na mtoto wangu akakaa nyumbani. Lete maji kwanza. Halafu tukae chini nikuambie."